Darasa la Wanawali

Mwalimu mkuu wa shule ile ya wasichana huko bara alikuwa Mwingereza mrefu, mkavu wa maneno, na siku aliyomwita Mwanabaraka ofisini hakumzungusha. Alimwambia kuwa alama zake ni nzuri, ila si za kumshangaza mtu. Makerere wangechukua wasichana wachache mno kutoka Tanganyika nzima, na wenye alama kama zake walikuwa wengi kuliko nafasi. Darasa la kumi na mbili lilikuwa limebakiza nusu mwaka tu. "Ukitaka wakuchague wewe," alisema, "waonyeshe kitu zaidi ya vitabu. Waonyeshe umewafanyia nini watu wako."

Mwanabaraka alisimama pale na sare yake iliyopigwa pasi, akapekua moyoni kutafuta alichowafanyia watu wake, asikione. Alikuwa amedarizi vitambaa vya meza. Alikuwa amecheza netiboli, na muhula mmoja alikuwa kiranja wa bweni. Watu wake walikuwa Temeke, na Temeke hakuna aliyewahi kushiba netiboli.

"Likizo hii fungua darasa la kusoma huko kwenu," mwalimu mkuu aliendelea. "Dar es Salaam yupo bibi wa serikali anayeshughulikia maendeleo ya wanawake. Nitamwandikia. Akija akaliona darasa lako kwa macho yake, atakuandikia barua, na barua yake Makerere wataisoma."

Kwa macho yake. Mwanabaraka aliyabeba maneno hayo garimoshini, usiku kucha na mchana wake, mpaka stesheni ya Dar es Salaam.

Lazima lisemwe wazi kwamba binti huyu aliitaka Makerere kwa roho yake yote. Wapo wanaosoma kwa sababu wamepelekwa. Yeye alisoma kwa uchu. Na tena palikuwa na baba yake, Mzee Jabiri, kuli wa gatini, ambaye tangu siku ya kwanza aliyompeleka mtoto wa kike shule alikuwa akichekwa barazani. Unamsomesha akamsomee nani? Wenzio wanaoza, wewe unanunua kalamu! Mzee Jabiri alikuwa na jibu moja tu, hakuwahi kulibadili: "Subirini." Watu walikuwa wamesubiri miaka, na sasa hata kucheka walishachoka. Mwanabaraka akiikosa Makerere, mzee yule angekuwa amewasubirisha watu bure.

Basi alipofika tu, hata vumbi la safari halijamtoka, alitandika mikeka kwenye baraza ya nyumba yao, akaegemeza ubao ukutani na kuwaita wanawake wa mtaani waje kujifunza kusoma. Walikuja, maana wanawake wa Temeke hawamnyimi mtoto wao heshima. Walimsifu, wakamwombea dua, wakaitazama herufi ya kwanza kwa adabu. Kisha mmoja akakumbuka mihogo yake bondeni, na mwingine, mpika vitumbua, akainuka akijipangusa. "Mwanangu, hiyo a yako nzuri, imekaa vizuri kabisa," alisema, "ila mie unga wangu ushaumuka. A hainisubirii mafuta." Wiki haikwisha, mwanafunzi akabaki mmoja, mama yake mwenyewe, naye alikuwa akisinzia.

Unaweza kumwambia mtu kusoma ni taa, lakini mtu huyo huyo anaamka alfajiri kutwanga, anakwenda shamba, anarudi kupika, na jioni yake ni ya mumewe na wanawe. Mwanabaraka aliyajua hayo, na bado alikasirika. Usiku alilala akihesabu siku za likizo zilizosalia.

Siku aliyokata tamaa alikwenda kumwamkia mama yake mdogo, ambaye binti yake Mwamvita alikuwa mwali. Mwamvita alikuwa amevunja ungo miezi kadhaa nyuma, akatolewa darasa la kwanza, alilokuwa amechelewa kulianza, na kuwekwa ndani kama desturi, pamoja na wasichana wengine wawili wa ukoo, katika nyumba ya Bi Tabu aliyekuwa kungwi wao. Humo chumbani hawakutoka mchana. Hawakupaza sauti. Walisuka ukili, wakafundwa mambo ya utu uzima, wakangojea siku ya kutolewa, waoshwe, wavishwe, wachezwe ngoma na kuonwa na watu wote kwa mara moja, wamekuwa wanawake. Kabla ya siku hiyo mwanamume asiwaone, na jua lisiwaguse.

Mwanabaraka aliruhusiwa kuingia kwa kuwa naye alikuwa amechezwa, ingawa kwa mbinde. Yeye alivunja ungo akiwa shuleni, na baba yake alikataa katakata asomeshwe nusu nusu, basi wakamweka ndani wiki moja tu ya likizo na kumcheza harakaharaka. Bi Tabu hakuisahau fedheha hiyo. Kila akimwona alimwita mwali wa likizo.

"Shikamoo, Bi Tabu."

"Marahaba, mwali wa likizo. Wewe nilikupika kwa moto wa makaratasi. Sijui hata kama umeiva. Haya, ingia."

Chumbani kulikuwa na kandili mchana kweupe. Dirisha la mbao lililoelekea njiani lilikuwa limefungwa kwa komeo tangu wasichana walipoingia. Mwamvita alimrukia shingoni na kumnong'oneza sikioni maswali mengi kwa pamoja. Bara kuna baridi? Wazungu wanakula nini? Ile hadithi aliyokuwa akiwasomea mwalimu wa darasa la kwanza, ya sungura aliyekwenda kwa kadhi, iliishaje, maana yeye alitolewa shule kabla hawajafika mwisho?

Mwanabaraka alimwangalia. Halafu akawaangalia wenzake wawili, ambao hata mlango wa shule hawakuupita. Wasichana watatu waliokuwa na muda wote duniani na hawana pa kwenda nao. Palepale akamwomba Bi Tabu amruhusu kuwafundisha.

Bi Tabu hakukubali siku ile. Alikubali baada ya siku mbili za kubembelezwa, tena kwa sharti, akimkalisha mbele yake na kumshika mkono. "Kusoma si haramu," alisema. "Mtume kasema tusome. Ila chumba hiki kina mwenyewe, na mwenyewe ni mila. Humu haingii asiyechezwa. Asiyechezwa ni mtoto, hata akiwa na mvi. Yaliyomo humu hayatoki, na walio nje hawayaoni. Umenisikia?"

"Nimesikia, bibi."

"Sema wallahi."

"Wallahi," akasema Mwanabaraka.

Hawakuwa na madaftari. Bi Tabu aliwapa ungo, wakatandaza mchanga mwembamba, wakawa wanaandika kwa kidole na kufuta kwa kutikisa. Darasa zima lilisomwa kwa mnong'ono. Ukipita nje usingesikia kitu, labda ungedhani ni watu wanaosali. Ba, be, bi. Wasichana wale walikuwa na njaa ambayo Mwanabaraka alikuwa hajaiona hata shuleni kwake. Alipowaachia neno adhuhuri, asubuhi aliwakuta wameligeuza maneno kumi.

Siku ya kwanza alipowauliza kila mmoja anataka ajifunze kuandika nini, alidhani watataja majina yao. Mwamvita aliuvuta ungo karibu, akainama, akanong'ona, "Mwinjuma." Wenzake wakaziba midomo wasicheke. Mwinjuma alikuwa mchumba wake, fundi seremala kijana aliyemchongea mama mdogo kibao cha mbuzi bila kuombwa. Posa ilikuwa imekwisha kupokelewa, ndoa ilingoja siku ya kutolewa mwali. Mwamvita aliliandika jina lile mchangani mara nyingi kuliko alivyoandika neno lolote, na kila alipolifuta alilifuta taratibu.

Kwa muda wa wiki mbili Mwanabaraka aliisahau Makerere. Tumpe haki yake hiyo. Alikuwa akiingia asubuhi na kutoka adhuhuri akiwa na furaha isiyokuwa na hesabu ndani yake, na njiani kurudi alijiambia kwamba hata asipochukuliwa, Mwamvita anasoma. Mwamvita alikuwa na kichwa chepesi kuliko chake, naye alilijua hilo na halikumuuma. Lilimwuma jambo jingine: kwamba kama Mzee Jabiri angekuwa baba wa Mwamvita, na baba wa Mwamvita angekuwa baba yake yeye, sasa hivi yeye ndiye angekuwa mkekani akiuliza bara kuna baridi.

Kisha ikaja habari kutoka mjini: Bibi Maendeleo, ndivyo watu walivyomwita yule mama wa serikali, atafika Temeke Alhamisi asubuhi kuliona darasa.

Mwanabaraka alikwenda kwa Bi Tabu na miguu mizito.

"Mgeni anataka kuwaona," alisema. "Mwanamke. Mtu mwema. Akiwaona ataniandikia barua ya kunipeleka chuoni."

"Amechezwa?" Bi Tabu aliuliza.

"Ni Mzungu, bibi."

"Sikukuuliza rangi. Nimekuuliza amechezwa?"

Hapo ndipo palipokuwa na njia panda, na Mwanabaraka aliiona. Angeweza kusema hapana. Neno fupi tu. Badala yake alitazama chini akasema, "Wazungu nao wana mila zao."

Bi Tabu alimkazia macho. "Basi akija nitamuuliza mwenyewe."

Jioni alimweleza mama yake, naye mama akaacha kuchambua mchele. "Mwambie Mzungu ukweli. Mwambie darasa lipo, ila halionwi."

"Mama, Mzungu haamini asichokiona."

"Na Bi Tabu? Yeye anakuaminije?"

Mama yake akajaribu tena: atawakusanya shangazi na majirani wakae barazani Alhamisi, washike vitabu, wajifanye ndio wanafunzi. Lakini Mwanabaraka alijua Bibi Maendeleo atamwomba mmoja asome, na hapo pangekuwa na aibu mbili badala ya moja. Alilala macho wazi. Hakumchukia mtu yeyote. Alijipa moyo kwamba mwanamke akiingia dakika chache kwenye chumba cha giza na kutoka, dunia haitapasuka.

Alhamisi Landrova ya serikali ilifika ikitifua vumbi, na nyuma yake watoto wote wa Temeke. Dereva, Leonardi, mtu wa bara mpole, aliisimamisha karibu kabisa na ukuta wa nyumba ya Bi Tabu, kando ya dirisha, isizibe njia. Wanaume waliokuwa wakicheza bao jirani waliacha kete zao wakaja kuitazama, maana gari kama ile haikuwa ikifika kwao ila kwa jambo kubwa. Bibi Maendeleo alishuka, mwanamke mnene mwenye kofia ya ukili na uso mwekundu wa kirafiki, akasema "Hamjambo" kwa lafudhi iliyowafurahisha watoto. Kiswahili chake kiliishia karibu na hapo.

Bi Tabu alikaa mlangoni kwenye kigoda, hakuondoka. "Muulize," alimwambia Mwanabaraka, "kungwi wake alikuwa nani."

Mwanabaraka alimgeukia yule mama. Akasema kwa Kiingereza, "Anauliza nani alikufundisha ulipokuwa msichana."

Bibi Maendeleo alicheka. Ah, alisema, kulikuwa na bibi mmoja mkali sana. Alikuwa akitukalisha migongo wima mpaka tunalia, na anayezungumza hapewi chakula.

Mwanabaraka alifasiri, neno kwa neno, bila kupunguza. Bi Tabu akatikisa kichwa polepole, ameridhika kidogo. "Huyo kungwi kweli. Muulize walimweka ndani muda gani."

"Anauliza ulikaa muda gani huko."

"Miaka sita," alisema Bibi Maendeleo, "na kutoka tulikuwa tunatoka Jumapili tu, kwenda kanisani."

"Miaka sita!" Bi Tabu aliinuka kwenye kigoda kwa heshima. "Subhanallah. Na sie tunajisifu. Haya, bibi, karibu, pita. Mgeni njoo mwenyeji apone."

Mmoja aliuliza kwa nia njema na mwingine alijibu kweli. Uongo ulikuwa wa mtu mmoja tu, na haukuwa katika neno lolote alilolitamka.

Ndani, wanawali watatu walikuwa wamekaa mkekani, wamejifunika kanga vichwani, mbele yao ungo. Bibi Maendeleo alisimama kwanza macho yazoee. Kisha akaketi kwenye mkeka nao, jambo ambalo Mwanabaraka hakulitarajia na lililomtia huruma. Aliomba mmoja asome. Mwamvita aliandika mchangani, Mungu ibariki nyumba hii, akasoma kwa mnong'ono, bila kukosea.

"Amesemaje? Sikumsikia. Mwambie apaze sauti."

"Hawapazi sauti," Mwanabaraka alisema. "Ni adabu yao."

"Na hili giza! Maskini, watapofuka." Bibi Maendeleo aliinuka, akajipangusa mchanga magotini, akatazama huku na huku kama mama anayeingia chumba cha mgonjwa. Akaliona dirisha.

Alipiga hatua kulielekea. Mwanabaraka alikuwa karibu nalo kuliko yeye. Angeweza kusimama katikati, angeweza kumshika mkono, angeweza kusema usifungue. Lakini kusema usifungue kulitaka maelezo, na maelezo yangefika mpaka mlangoni, kwa Bi Tabu na kwenye lile swali la kwanza. Mgeni angejua amepitishwa kwa hila, na mwenye hila haandikiwi barua. Aliuona mkono mwekundu ukishika komeo. Akafumba mdomo.

Ubao uligonga ukuta wa nje. Jua la saa nne liliingia lote kwa pamoja, likawaangukia wasichana usoni, na dirishani palepale, kiasi cha mkono, walikuwa watoto, na Leonardi, na wanaume wa bao, na miongoni mwao baba mdogo wa Mwinjuma mwenye ugoro mkononi. Waliangalia ndani kabla ya kujua wanaangalia nini. Kisha wakajua. Wazee wakageuka upesi, mmoja akasema "Astaghfirullah," lakini macho hayarudi nyuma yakishafika. Mwamvita hakupiga kelele. Alijaribu kujifunika kwa kanga, kanga ikanasa chini ya goti lake, akaivuta na kuivuta, uso wake ukiwa wazi juani. Mmoja wa wenzake akaanza kulia kwa sauti, sauti ya kwanza ya mwali kusikika mle chumbani tangu walipoingia.

"Ndiyo," alisema Bibi Maendeleo kwa furaha. "Sasa tunaonana. Wana haya, watoto wazuri." Na akampa Mwanabaraka mkono.

Gari lilipoondoka Bi Tabu alikwenda dirishani mwenyewe, akalifunga, akatia komeo. Hakupiga kelele. Watu waliomjua walisema baadaye heri angepiga.

"Yule alichezwa?"

"Hapana," alisema Mwanabaraka. "Hakuchezwa."

"Na ulijua."

"Nilijua."

Bi Tabu alikaa chini. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee. "Basi siku zao zimevunjika. Wameonwa na wanaume kabla ya kutolewa, na aliyewaanika ni mtoto niliyemkaribisha mie. Wataanza upya, tangu siku ya kwanza. Na wewe, nenda. Nilisema sijui kama umeiva. Hukuiva. Usikanyage tena humu."

Mama mdogo alikuja akajitupa uani. Mama wa wale wanawali wengine wawili walikuja wakakaa naye. Yote waliyoyaandaa kwa ngoma, mpunga na kuku na nguo, yalikuwa ya msimu ule, na hawakujua ya msimu mwingine yatatoka wapi. Mama yake Mwanabaraka hakusema ila neno moja, huku akijifunga kanga kwenda kuwaomba radhi: "Mchuma janga hula na wa kwao." Jioni Mzee Jabiri alirudi kutoka gatini, watu walikuwa wameshamwambia njiani. Alimkuta binti yake amekaa gizani.

"Barua ataandika?" aliuliza.

"Ataandika, baba."

Mzee alikuwa mtu wa kweli, na swali lile lilikuwa limemtoka kabla hajalizuia. "Basi," alisema, akachukua kandambili zake na kwenda msikitini.

Bibi Maendeleo aliandika, tena vizuri. Mwalimu mkuu alimsomea Mwanabaraka barua ile ofisini, sauti yake kavu ikiwa imelainika kidogo. Ilisema binti huyu, peke yake na bila msaada, amewapelekea nuru wasichana waliofungiwa gizani na watu wao, na amefanya hivyo kwa ushujaa mbele ya wazee wenye upinzani. "Unaona?" alisema mwalimu mkuu. "Ulikuwa na kitu cha kuonyesha." Mwanabaraka alifungua mdomo. Palikuwa na nafasi ya kusema, mlango ulikuwa umefungwa na muda ulikuwepo. Akasema asante, akarudi darasani kujiandaa na mtihani wa Kembriji.

Alichaguliwa. Habari ilipofika Temeke mwaka uliofuata, Mzee Jabiri aliichukua ile karatasi ya Makerere, akavaa kanzu yake ya Idi na kwenda nayo barazani, kwa watu aliowaambia wasubiri. Waliipokea, wakaipitisha mkono kwa mkono, wakampa hongera kwa adabu. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeuliza chuo kina nini, wala kiko umbali gani, wala binti ataondoka lini. Wakamrudishia karatasi yake, wakaendelea na bao. Mzee alibaki kidogo akitazama mchezo, halafu akarudi nyumbani na kuivua ile kanzu.

Wanawali walikuwa bado ndani. Mavuno ya mwaka ule hayakutosha kwa ngoma ya wasichana watatu, na Bi Tabu hakukubali njia ya mkato. Wiki za likizo, alisema, ameshaona zinakofika. Wazee wa Mwinjuma walingoja, wakatuma mtu kuuliza, wakangoja tena. Baba yake mdogo, yule wa ugoro, hakuwa mtu mbaya, ila kila lilipotajwa jina la Mwamvita alitazama kando, kwa kuwa alikuwa amemwona. Mwishowe kijana akaozwa Buguruni. Alisemekana hakutaka, na alisemekana alilia, lakini alioa.

Siku ya mwisho kabla ya safari, Mwanabaraka alikwenda nyumba ya Bi Tabu. Bi Tabu alikuwa mlangoni, hakuitikia shikamoo yake kwa maneno, aliitikia kwa kidevu tu. Hakumruhusu kuingia. Lakini naye alikuwa mama wa watu. Alichukua ndoo yake, akaenda kisimani wakati maji yalikuwa yamejaa mtungini.

Mwanabaraka aliketi chini nje ya mlango wa chumba, akaegemeza kichwa kwenye mbao.

"Mwamvita."

Sauti ikaja kutoka chini, karibu sana, ya mtu aliyeketi upande wa pili kama yeye. "Dada."

"Naondoka kesho."

"Nimesikia. Hongera."

"Nisamehe, mdogo wangu. Nilikuwa karibu na lile dirisha kuliko yeye. Nilimwona."

"Najua," Mwamvita alinong'ona. "Nilikuwa nikikuangalia wewe."

Mwanabaraka alilia pale chini, bila kujizuia, na aliye ndani alimwacha alie. Alipopata sauti alisema, "Nitakuandikia. Kila mwezi nitakuandikia, nikueleze kila kitu, chuo kilivyo, na baridi, na watu. Nawe utaniandikia. Usiache kusoma, Mwamvita. Hilo tu nakuomba."

Ndani ukili ulisikika ukivutwa, uzi mmoja, na mwingine.

"Usiniandikie, dada."

"Kwa nini?"

"Zamani barua yako ingekuja, ningemwomba mtu anisomee, naye angeyaruka yanayouma. Sasa nitaisoma mwenyewe, yote."